Panya wa Kulinganishia Alitoka Wapi?

Watoto 24,076 wa Pemba, wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35, waliingia katika utafiti ambao majibu yake yalichapishwa na jarida la Lancet mwaka 2006. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa: katika kisiwa chenye malaria na upungufu mkubwa wa damu, mtoto akipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, atasalimika zaidi? Watu wengi wa afya wakati ule wangejibu ndiyo kabla swali halijamalizika. Chuma huongeza damu, na mtoto mwenye damu ya kutosha ana nguvu ya kupambana na maradhi. Lakini tarehe 19 Agosti 2003 vidonge vya chuma vilisimamishwa. Waliokuwa wakivipata walikuwa na hatari ya kufa au kuugua hadi kulazwa iliyozidi kwa asilimia 12 ile ya wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Namwomba msomaji awaangalie hao wenzao. Walikuwa 8,006, watoto wa kisiwa hichohicho, wakiumwa na mbu walewale, wakipelekwa hospitali zilezile, na kilichowapanga upande huo ni bahati nasibu, si daktari wala mzazi. Bila wao hakuna ambacho kingeonekana. Mtoto aliyefariki angeandikiwa malaria, aliyelazwa angeandikiwa homa kali, na chuma kingeendelea kugawiwa kwa nia njema. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake kuhusu kuwapa chuma watoto wa maeneo ya malaria baada ya matokeo hayo.

Leo nataka kuipeleka hoja hiyo kwenye panya. Sababu ni jirani yangu, mama ambaye mwanawe ana selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema. Alinisimamisha njiani, simu mkononi. "Mwanangu, nimesikia panya wameponeshwa sikoseli. Na sisi lini?" Nikamwambia, "Mama, nipe siku mbili. Nataka kwanza nijue hao panya waliopona walilinganishwa na nani." Alinitazama kama mtu aliyeombwa risiti ya kitu ambacho hakukinunua. Jibu nililompa baadaye linakuja, lakini haliwezi kueleweka bila kuingia kwanza kwenye vizimba vya panya.

Kulenga jeni moja ndani ya panya na kuiharibu kuliwezekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies wakapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2007 kwa kazi hiyo. Mtafiti huchukua seli shina za kiinitete cha panya, huiharibu jeni anayoitaka, kisha huzitia seli hizo katika kiinitete kingine kinachopandikizwa tumboni mwa panya jike. Wazaliwa wakizalishwa kwa mpango, mwishowe hupatikana panya asiye na jeni ile kabisa. Hoja yake ni nyepesi: ondoa kitu kimoja, tazama kinachoharibika.

Tabu ni kwamba kitu kimoja hakiondoki peke yake. Kwa miaka mingi seli hizo zilitoka katika ukoo wa panya uitwao 129, halafu wazao wao wakachanganywa, kizazi baada ya kizazi, na ukoo mwingine unaopendwa na maabara, C57BL/6. Mkulima wa karafuu anaijua hatari hii. Ukiung'oa mche kitaluni, unaondoka na bonge la udongo wa kitalu pamoja na kila kilichomo. Ukizalisha vizazi 10, kila kimoja kikichukua kama miezi mitatu, sehemu kubwa ya urithi wa 129 itakuwa imefutika. Kipande kilichopakana na jeni uliyoiharibu hakifutiki kirahisi, kwa sababu katika kila kizazi wewe mwenyewe unamchagua mzao aliyeibeba jeni hiyo, na jirani zake wanakuja nayo.

Kisa cha jeni iitwayo kaspasi-1 kinalionyesha hilo kuliko kingine chochote ninachokijua. Mwaka 1995 walipatikana panya wasio na jeni hiyo, na ikaonekana wanahimili sumu ya bakteria inayowaua panya wa kawaida. Ikahitimishwa kwamba kaspasi-1 ndiyo inayosababisha kifo hicho, na kwa miaka 16 utafiti mwingi ukajengwa juu ya hitimisho hilo. Mwaka 2011 watafiti wa kampuni ya Genentech wakaonyesha kwamba ukoo wa 129 una kasoro ya asili katika jeni ya kaspasi-11, iliyo jirani kabisa na kaspasi-1 kwenye kromosomu ileile. Panya walioitwa "wasio na kaspasi-1" walikuwa wamekosa zote mbili tangu siku ya kwanza. Wanasayansi hao walipowarudishia kaspasi-11 peke yake, ule uhimilivu ulipotea. Walipoiondoa kaspasi-11 peke yake, panya walihimili sumu.

Hakuna aliyedanganya. Vipimo vilikuwa sahihi, na panya waliishi au walikufa kama ilivyoandikwa. Ila aliyehukumiwa siye aliyetenda, na kilichokosekana kwa miaka yote hiyo ni panya mmoja tu wa kulinganishia: mwenye udongo uleule wa 129 kuizunguka jeni, lakini kaspasi-1 yake nzima.

Hata jina C57BL/6 lenyewe halitoshi. Tangu mwaka 1951 ukoo huo umegawika matawi mawili, J na N, na kila tawi limekusanya mabadiliko yake. Tawi la J lina hitilafu katika jeni iitwayo Nnt, ambayo inagusa utoaji wa insulini. Tawi la N lina hitilafu inayoharibu jicho. Mtu akiharibu jeni katika panya wa N, kisha akamlinganisha na J aliyemnunua kwa sababu yupo karibu, anaweza kutangaza ugonjwa wa macho ambao jeni yake haihusiki nao hata chembe. Mimi huwauliza wanafunzi: ukitaka kujua kama mbolea imefaa, utachukua mkarafuu wa Mtambile uliotiwa mbolea ukaulinganisha na wa Konde usiotiwa? Wanacheka. Lakini makala za panya zenye kosa hilohilo wanazisoma bila kusita.

Mimi mwenyewe nililifanya. Nilipokuwa nikifanya kazi katika maabara moja nje ya nchi, tulikuwa na panya wasio na jeni fulani ya kinga, tukiwazalisha wenyewe katika chumba chetu. Panya wa kawaida tuliwanunua, kwa sababu kuwazalisha ni gharama na muda. Utumbo wa panya wetu ulionekana kuhimili uvimbe vizuri sana. Tofauti ilikuwa kubwa na michoro ilipendeza. Miezi minane baadaye mwenzangu mmoja akasisitiza turudie kwa kuwalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja, waliozaliwa siku moja, wakanyonya mama mmoja na kulala katika maranda yaleyale. Tofauti ikayeyuka yote. Tulichokuwa tumepima ni bakteria wa matumbo ya panya wa vyumba viwili.

Baadaye nilikuja kuona kwamba lilikuwa jambo linalojulikana. Mwaka 2009 ilichapishwa kwamba panya wa ukoo mmoja, walionunuliwa kwa wauzaji wawili wa Marekani, Jackson na Taconic, walitofautiana katika aina nzima ya seli za kinga utumboni, na chanzo kilikuwa bakteria wa aina moja waliokuwepo upande mmoja na kukosekana upande wa pili. Nawaza mara nyingi juu ya panya tuliowaua katika ile miezi minane. Mnyama anayeuawa kwa jaribio lisiloweza kujibu swali lake amekufa bure, na kwangu hilo ni suala la dhamiri kabla halijawa la takwimu.

Kwa hiyo ndugu wa tumbo moja ndio msingi, lakini nao wana masharti. Siku hizi jeni nyingi haziondolewi mwilini mzima. Huzungushiwa alama mbili, kisha kimeng'enya kiitwacho Cre, kilichotoka katika kirusi kinachoshambulia bakteria, huletwa ndani ya kiungo kimoja tu, tuseme ini, kikaikata jeni iliyo baina ya alama hizo. Ni ufundi mzuri. Lakini mkasi wenyewe unaweza kujeruhi: Cre nyingi inaweza kuikata DNA mahali pasipokusudiwa, na pengine huvuja hadi kwenye mbegu za uzazi. Mtafiti aliyelinganisha panya mwenye alama na Cre dhidi ya panya mwenye alama peke yake hajui kama ameona kazi ya jeni au jeraha la mkasi. Anahitaji na ndugu wa tatu, mwenye Cre bila alama. Ninapoisoma makala ya aina hii, huyo ndiye ninayemtafuta kwanza, na mara nyingi simpati.

Halafu kuna hesabu, ambayo watu huikimbia. Wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja nzima na moja iliyoharibika, mzaliwa mmoja katika wanne ndiye atakayeikosa jeni kabisa. Ukitaka majike 10 wa namna hiyo, andaa wazaliwa kama 80: robo yao ni 20, na nusu ya hao ni madume. Panya akizaa watoto 6 hadi 8 kwa mara moja, hapo ni kuzaa mara 10 hadi 13. Maabara isiyo na subira huchukua watoto wote wa mama wawili na kuandika "panya 12". Si 12. Watoto wa mama mmoja wamekula pamoja tumboni na kizimbani, na wanafanana kwa mambo ambayo jeni yako haina habari nayo. Ukiwapima wote kama watu baki, unajipa uhakika ambao hukuufanyia kazi. Na wale madume 10 waliotupwa kwa kisingizio cha "kurahisisha" walikuwa nusu ya jibu.

Kinachotokea pale haya yote yanapopuuzwa kwa pamoja tumekiona katika ugonjwa wa ALS, unaoua neva za misuli hadi mtu akashindwa kupumua. Panya waliotiwa jeni ya SOD1 yenye kasoro huugua vivyo hivyo, na dawa baada ya dawa iliripotiwa kuwaongezea maisha. Taasisi moja ya Marekani, ALS TDI, ikazirudia. Mwaka 2008 ilichapisha majaribio 221, dawa zaidi ya 70, panya 18,000. Hakuna hata moja iliyofaa. Panya wale hubeba nakala nyingi za jeni ya ugonjwa, na baadhi yao hupoteza nakala wakati wa kuzaliana. Panya aliyepoteza nakala huishi zaidi, na akiangukia upande wa dawa, dawa husifiwa. Madume na majike hufa kwa nyakati tofauti. Ndugu hufa kwa nyakati zinazokaribiana. Katika kikundi kidogo, mambo hayo matatu peke yake yanatosha kutengeneza dawa kutoka hewani. Minosaiklini ilikuwa miongoni mwa zilizong'ara kwa panya, na wagonjwa walipoijaribu, matokeo yaliyotoka mwaka 2007 yalionyesha wanadhoofika haraka zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Tangu mwaka 2010 upo mwongozo uitwao ARRIVE, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2020, unaowataka waandishi waseme panya walikuwa wangapi, wa jinsia gani, walipangwa vipi kwa nasibu, na kama aliyepima alifichwa kundi la kila panya. Nauunga mkono wote. Lakini fomu inaweza kujazwa yote na panya wa kulinganishia akawa bado ni mgeni aliyenunuliwa.

Lipo tabaka jingine ambalo sisi wa visiwani tuna la kulisemea. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba kinga ya panya wa maabara, anayelelewa katika usafi wa hali ya juu, inafanana na ya mtoto mchanga wa binadamu, na kwamba panya wa maduka ya wanyama wa kufuga, waliokutana na vijidudu vya kila namna, wanafanana zaidi na mtu mzima. Sasa msomaji afikirie Wawi, Chake Chake, ambako Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 2000, ikihesabu mayai ya minyoo na kichocho katika choo na mikojo ya watoto wetu. Mnyoo hukaa na mwenyeji wake kwa kuituliza kinga yake. Chanjo au dawa iliyopimwa ndani ya panya ambaye hajawahi kuonja mnyoo hata mmoja imepimwa katika mwili ambao Pemba ilikuwa nao kwa nadra sana. Kulinganisha ndani ya jaribio kunaweza kuwa sahihi kabisa, na bado wote wawili, aliyetolewa jeni na nduguye, wakawa mbali na mtoto wa Micheweni.

Na joto pia. Panya hustarehe kwenye nyuzi kama 30. Vyumba vingi vya maabara huwekwa nyuzi 20 hadi 24, kwa sababu ndilo joto linalowafaa watu waliovaa makoti. Panya wa huko anaunguza chakula usiku na mchana ili ajipashe, na moyo wake unakwenda mbio kwa baridi. Utafiti wa unene, kisukari au homa uliofanywa katika hali hiyo umefanywa kwa mnyama anayetetemeka. Katika joto la Kaskazi la Unguja, panya yule angekuwa karibu na starehe yake kuliko alivyo katika chumba chake cha kifahari. Wazanzibari watakaokwenda kusomea fani hii, na wale wanaokaa kwenye kamati zetu za maadili wakipokea maombi ya kujaribu dawa kwa watu wetu "kwa kuwa imefaulu kwa panya", naomba waulize waziwazi: nyuzi ngapi, tumbo la namna gani, mama wangapi, na wa kulinganishia alitoka wapi. Anayeomba kuijaribu dawa kwenye miili ya watoto wetu hapaswi kukasirishwa na maswali hayo.

Nilirudi kwa jirani yangu siku ya tatu, nimechelewa kwa siku moja. Nilimkuta anachambua mchele.

"Panya walipona kweli, mama," nilimwambia. Mwaka 2011 watafiti walichukua panya waliotiwa jeni za hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, za binadamu mwenye selimundu, wakaizima jeni iitwayo BCL11A katika seli zinazotengeneza chembe nyekundu za damu. Jeni hiyo ndiyo inayofunga hemoglobini ya utotoni, ile ya mtoto akiwa tumboni, baada ya mtu kuzaliwa. Ilipozimwa, hemoglobini hiyo ilirudi na dalili za ugonjwa zikaondoka, ukilinganisha na panya wenye ugonjwa uleule walioachiwa jeni yao. Wazo halikuanzia kwa panya. Lilitoka kwanza kwa binadamu, katika tafiti za urithi za mwaka 2007 na 2008, na panya aliulizwa swali moja tu alilokuwa na uwezo wa kulijibu. Tiba iliyotokana na njia hiyo iliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, na huko Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Alinyamaza kidogo, akapepeta ungo. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Na hii hidroksiyurea anayomeza mwanangu, panya walisemaje?"

Nikamwambia ukweli. Mwaka 2010 ilichapishwa kwamba panya wenye selimundu waliopewa hidroksiyurea hawakuongeza hemoglobini ya utotoni, na damu yao na viungo vyao havikupata nafuu. Panya hadhibiti hemoglobini hiyo kama binadamu anavyoidhibiti, hata akitiwa jeni za binadamu. Angesikilizwa yeye peke yake, dawa ile ingetupwa.

"Basi nani aliyesema inafaa?"

Wagonjwa 299, watu wazima wa Marekani na Canada, ambao matokeo yao yalitoka mwaka 1995. Nusu walipewa dawa na nusu kidonge kisicho na dawa, kwa nasibu, na waliopewa dawa walishikwa na maumivu makali kama mara 2.5 kwa mwaka badala ya 4.5. Kisha mwaka 2019 yakaja matokeo ya watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ambao maumivu yao, malaria yao na vifo vyao vilipungua walipoanza kuimeza, ukilinganisha na walivyokuwa kabla ya dawa.

"Hao wa kidonge kisicho na dawa," aliuliza, "walijua?"

"Walijua huenda wakakipata, mama, na wakakubali. Nani kapewa nini, hawakuambiwa."

Akauweka ungo chini. "Mungu awalipe," alisema, akamwita mwanawe aje ameze dawa yake.